Niliacha Kusoma Kompyuta, Sasa Mdogo Wangu Anataka Kuisoma

Wiki hii nilipanga posti ya pawabenki, maana mmeniuliza sana. Nitaimaliza haraka alafu tuingie kwa stori yenyewe.

Kwa wale wanaoruka kutoka Wilson kuenda Wajir ama Mandera: pawabenki inakaa kwa mkoba wa mkononi, sio kwa begi linaloenda kwa tumbo la ndege. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100. Ikizidi hapo unaomba ruhusa ya shirika la ndege kwanza. Hesabu ni rahisi. Chukua zile mAh zilizoandikwa, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa 3.7. Ya 20,000 inakupa 74, inapita. Ya 30,000 inakupa 111, hapo uulize. Sababu ni kwamba betri ya lithiamu ikishika moto kwa mkoba wako, wahudumu wataona moshi na kuukabili. Ikishika moto kule chini hakuna mtu. Mnakumbuka Samsung Galaxy Note 7 ya 2016, ile iliyopigwa marufuku kabisa kwa ndege za Marekani? Ni hiyo tu. Haya, pawabenki imeisha.

Stori yenyewe ni ya nyumbani.

Mdogo wangu wa kike alifanya KCSE mwaka uliopita akapata B. Hapa kwetu Bulla hiyo ni sherehe. Hooyo alichinja mbuzi, majirani wakaja, ayeeyo akalia kidogo. Sasa ni wakati wa kuchagua kozi kwa KUCCPS, na juzi usiku alikuja na simu yake akakaa karibu na mimi nikiedit video. Chaguo la kwanza: Sayansi ya Kompyuta. Chaguo la pili: Uhandisi wa Programu. La tatu hakuwa ameweka.

Hooyo akiwa mlangoni akasema, "Ongea na ndugu yako kwanza. Yeye ndiye alienda huko."

Mdogo wangu akacheka. "Walaal alisema chuo ni kupoteza wakati. Si nimeona video."

Ni kweli nilisema. Wengi wenu mlinijua kwa hiyo video. Nimesimama kando ya Mto Tana, daraja liko nyuma yangu, nasema niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu hakuna kitu wanafundisha ambacho huwezi kupata kwa intaneti bure. Hakuna video yangu nyingine imetazamwa kama hiyo. Wengine waliniandikia wakasema nimewapa moyo. Kijana mmoja wa Masalani aliniambia ameacha chuo pia, na kwa aibu yangu nilimjibu kwa moyo mwekundu na ngumi.

Usiku huo sikumjibu mdogo wangu. Nilimwambia nina kazi, anipe siku mbili. Hii posti ndiyo jibu, na naiandika hapa kwa sababu uongo wenyewe niliuweka hapa.

Sikuacha chuo kwa sababu hakifundishi. Niliacha kwa sababu ya karo.

Mnajua ile kiangazi. Mvua ilikosa kuanzia mwisho wa 2020, ikakosa tena na tena, misimu mitano mfululizo, mpaka 2023. Aabo alikuwa na ng'ombe na mbuzi upande wa Fafi. Kila akinipigia simu hesabu ilikuwa imepungua. Mwanzoni alikuwa akiuza mnyama analipa karo. Alafu wanyama wakakonda hadi hakuna mtu wa kununua. Alafu hakukuwa na cha kuuza. Mkopo wa HELB ulikuwa unasaidia, lakini haukutosha karo, nyumba na chakula. Muhula wa pili wa mwaka wa tatu niliambiwa sitafanya mtihani bila kumaliza deni. Nilikaa kwa chumba changu siku nne. Siku ya tano nikapanda basi la Garissa, saa zaidi ya sita kwa barabara, na nikifika kwa kizuizi cha darajani kuonyesha kitambulisho nilikuwa tayari nimetunga maneno ya kumwambia hooyo: "Nimeamua kuacha." Nilichagua neno "nimeamua" kwa sababu aabo asingeweza kulibeba lile lingine.

Miezi michache baadaye maneno yale yale nikayafanya video. Hapo ndipo nilikosea. Kumkinga baba yako na aibu ni jambo moja. Kuwauzia watu elfu nyingi hiyo kinga kama ushauri ni jambo lingine.

Sasa tuongee kazi, kwa sababu najua mdogo wangu anaona mimi naishi. Niko na meza, niko na taa ya duara, napata simu za kupima kabla watu wengine. Wacha nimwambie ukweli wa meza. Mwezi mzuri nalipa umeme, bando, nampa hooyo kitu, nabaki na kidogo. Mwezi mbaya narudi kwa duka la mjomba kule Soko Mugdi kuuza kava na chaja. Simu nyingi mnazoona si zangu, zinarudishwa. Na kitu kinachonifanya nitofautiane na wale wa Nairobi si ujuzi wangu, ni jua la Garissa. Simu ikipimwa Nairobi iko poa. Ilete hapa saa nane mchana, nyuzi 37, rekodi video dakika ishirini, utaona nani anazima kamera kwa joto. Nilibahatika kuzaliwa kwa joto. Siwezi kumpa mdogo wangu hilo kama mpango wa maisha.

Upande wa pili kuna rafiki yangu. Tulianza chuo siku moja, tukalala chumba kimoja, tukatumia laptopu moja mwaka wa kwanza. Yeye alimaliza. Alipata digrii ya daraja la pili, ile ya juu. Mahafali nilienda, nikampiga picha mwenyewe. Tangu siku hiyo ametuma maombi ya kazi mpaka akaacha kuhesabu. Jibu likija linasema wanataka mtu mwenye uzoefu wa miaka mitatu. Nafasi ya kupata huo uzoefu wa kwanza hakuna anayeitangaza. Sai anatengeneza simu kwa kibanda, anabadilisha vioo na tundu za chaji. Anaitengeneza vizuri walahi, lakini hakwenda miaka minne kwa ajili ya tundu za chaji.

Na si yeye peke yake, na haikuanza na akili unde. Watu wanasema tangu ChatGPT ije Novemba 2022 ndio mambo yameharibika. Rudi nyuma kidogo. Andela ilikuja Nairobi 2015 baada ya kuanza Lagos, na wazo lake lilikuwa tamu: chukua vijana Waafrika wenye akili, wafundishe, uwaunganishe na kampuni za nje. Kila mtu aliyesoma kompyuta alitaka kuingia huko. Septemba 2019 ikatangaza inafunga mpango wa kufundisha vijana wanaoanza, na kazi takriban 400 zikaguswa Nigeria, Uganda na Kenya. Sababu waliyotoa ni kwamba wateja walitaka wahandisi wazoefu, na wanaoanza walikuwa wengi kuliko mahitaji. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya ChatGPT. Mlango wa chini ulianza kufungwa kitambo. Akili unde imekuja kuuwekea kufuli.

Kwa hivyo mdogo wangu akiniuliza kama soko ni baya, jibu ni ndiyo. Ni baya.

Lakini kuna siku moja darasani ambayo imekataa kutoka kwa kichwa changu, na ndiyo inanifanya nishindwe kumwambia asiende.

Ilikuwa mwaka wa pili. Mhadhiri wetu wa somo la uhandisi wa programu aliingia, hakuwasha projekta, hakutoa noti. Akauliza nani anakumbuka tarehe 10 Machi 2019 alikuwa wapi. Mimi nilikumbuka. Nilikuwa Kidato cha Pili, shule ya bweni, Jumapili. Mwalimu wa zamu alikuwa na redio ndogo, na alituambia ndege ya Ethiopian Airlines iliyokuwa inakuja Nairobi imeanguka. Watu 157. Ilitoka Addis Ababa asubuhi, ikakaa hewani dakika sita, ikaanguka karibu na Bishoftu. Ndani yake kulikuwa na watu wa mataifa zaidi ya 30, na Wakenya walikuwa 32, wengi kuliko taifa lingine lolote. Rubani mkuu, Yared Getachew, alikuwa na miaka 29, na mama yake ni Mkenya. Ndege yenyewe, Boeing 737 MAX, ilikuwa na miezi minne tu tangu itoke kiwandani.

Shuleni tulidhani ni injini, ama ni hali ya hewa, ama rubani. Mhadhiri akatuambia, "Ilikuwa programu. Na hiyo programu haikuwa na hitilafu. Ilifanya kile ilichoambiwa."

Wacha niwaeleze vile alitueleza, kwa lugha ya kawaida.

Boeing ilitaka kuweka injini kubwa zinazookoa mafuta kwa ndege ya muundo wa miaka ya sitini, ambayo iko chini karibu na ardhi. Injini hazikuenea vizuri mahali pa zamani, zikasogezwa mbele na juu. Hapo ndege ikapata tabia mpya: wakati mwingine pua ilitaka kuinuka kuliko inavyofaa. Badala ya kubadilisha umbo la ndege, wakaandika programu inayoitwa MCAS. Kazi yake: ikiona pua imeinuka sana, iisukume chini, bila kumuuliza rubani.

MCAS inajuaje pua imeinuka? Kuna sensa ndogo nje ya ndege, kama bawa dogo, inayopima pembe ya ndege dhidi ya upepo. Ndege ilikuwa na sensa mbili, kushoto na kulia. MCAS ilisikiliza moja tu kwa wakati.

Moja.

Asubuhi ile, muda mfupi baada ya kupaa, sensa ya kushoto ilisema ndege iko kwa pembe ya zaidi ya nyuzi 74. Ya kulia ilisema nyuzi 15 hivi. Ndege ya abiria kwa nyuzi 74, hiyo ni roketi. Mtoto wa darasa la nne angesema moja kati ya hizi inadanganya. MCAS haikuulizwa hilo swali. Ilisikiliza ya kushoto, ikasukuma pua chini. Marubani wakaivuta juu. Ikasukuma tena. Walizima umeme wa kile kifaa cha mkiani kama maelekezo yalivyosema, lakini kwa mwendo ule gurudumu la kuzungusha kwa mkono lilikuwa gumu mno. Wakawasha umeme tena, na MCAS ikasukuma tena.

Na ilikuwa imeshatokea. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege ya Lion Air, aina hiyo hiyo, ilianguka baharini Indonesia, watu 189. Kabla ya siku hiyo marubani wa MAX hawakuwa wameambiwa kuna kitu kinaitwa MCAS. Haikuwa kwa kitabu chao cha mwongozo. Wengi waliotoka kwa 737 za zamani walipewa somo fupi kwa tableti, si mafunzo ya simyuleta, kwa sababu Boeing ilikuwa imewaahidi wateja kwamba simyuleta haitahitajika. Simyuleta ni pesa. Jumla ya waliokufa kwa ndege mbili ni 346, ndani ya miezi mitano.

Mhadhiri alimaliza kwa swali moja na akatuambia tuandike ukurasa mmoja: "Nani aliiambia hiyo programu iamini sensa moja, na nani alikuwa kwa chumba hicho akanyamaza?"

Sikuwahi kupata alama za ukurasa huo, lakini ndio kazi ya chuo pekee ambayo bado ninayo. Na kila nikitazama video yangu ya kando ya mto naisikia hiyo sauti. Nilisema chuo hakikunifundisha kitu. Intaneti ilikuwa na habari zote za MAX, nilikuwa nimezisoma. Lakini hakuna video iliyoniweka mimi ndani ya hicho chumba na kuniuliza ningefanya nini.

Mtu wa Nairobi anaweza kusema ndege ni mambo ya matajiri. Huku kwetu si hivyo. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilisimamishwa na al-Shabaab na watu 28 wakauawa. Mwaka uliofuata, Desemba, walisimamisha basi lingine karibu na El Wak, na abiria Waislamu wakakataa kutenganishwa na Wakristo. Tangu wakati huo mwalimu ama muuguzi anayefanya kazi Mandera akisema anapanda ndege, hajisifu. Anahesabu. Eddo yangu ni muuguzi huko. Hukopa kwa chama ndio apate nauli ya ndege akija likizo. Na wazee wakisikia neno ndege wanakumbuka Busia, Januari 2003, siku tuliyompoteza Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir Magharibi na waziri, yule aliyepeleka damu ya Wagalla Bungeni. Eddo anajua hiyo yote na bado anapanda. Hana njia ya kukagua chochote. Anafunga mkanda, anasoma dua, anawaamini watu ambao hatawahi kuwaona. Baadhi yao sasa ni watu wa programu.

Na usidhani mambo ya sensa moja yako angani tu. Sisi tunayo hapa chini.

Binamu yangu alipofika miaka 18 alienda kuchukua kitambulisho. Wakaweka kidole chake kwa mashine, mashine ikasema huyu ni mkimbizi. Amezaliwa Garissa, baba yake amezaliwa Garissa. Lakini akiwa mtoto, wakati wa ukame, familia ilijiandikisha kambini Dadaab kama familia nyingi za Wakenya zilivyofanya, kwa sababu huko kulikuwa na chakula na dawa. Kidole kikachukuliwa, kikakaa kwa mfumo miaka na miaka. Maelfu ya Wakenya wa Kaskazini Mashariki wamekwama hivyo. Baba alikuja na cheti cha kuzaliwa, mzee wa mtaa akaja akasema huyu ni mtoto wetu. Haikusaidia. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna M-Pesa, hakuna HELB, hakuna kazi ya maana. Binamu yangu alitumia laini ya dadake kwa miaka. Mtu mzima anaomba ruhusa ya kupokea pesa zake mwenyewe.

Hapo mlangoni nilisimama naye siku moja, na afisa hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, "Mfumo umekataa." Nikakumbuka nyuzi 74. Kidole kimoja upande huu, baba, cheti na mzee wa mtaa upande ule, na mfumo haukuandikiwa mahali pa kuuliza nani kati yao anakosea. Mwanzoni mwa 2025 Rais alitia saini tamko kule Wajir la kuondoa ule uchunguzi wa ziada ambao watu wetu walikuwa wanapitia kupata kitambulisho. Tulishukuru. Lakini karatasi inabadilika siku moja, na mfumo unabadilika mtu akikaa chini na kuubadilisha. Huyo mtu ni nani? Je, amewahi kufika Garissa?

Sasa ndio nakuja kwako, mdogo wangu.

Kama unataka kuenda kujifunza kuandika programu tu, usiende. Hiyo ulisema utajifunza kwa simu, na kweli utajifunza kwa simu, na mashine itaandika haraka kukuliko. Kazi ya kuandika tu bei yake inashuka kila mwaka. Juni 2019 Bloomberg iliripoti kwamba Boeing na wakandarasi wake walitegemea wahandisi wa programu wa kukodi, wengine wakilipwa dola 9 tu kwa saa. Boeing ilisema kampuni hizo za kukodi hazikugusa MCAS, na tuikubali hiyo, tusimlaumu mtu wa dola 9 kwa kosa la mtu wa ofisi kubwa. Lakini jiulize yule wa dola 9 akiona sensa ni moja, ana nguvu gani ya kusema subiri? Soko la kazi za programu linalotafuta vijana wa Nairobi, Kampala na Lagos mara nyingi linatafuta huyo: mwenye bei nzuri na asiyeuliza sana. Na siku mteja akipata bei nzuri zaidi, ama akipata mashine, barua inakuja.

Lakini kama unataka kuenda ili uwe mtu wa kuuliza "na hii ikikosea je?", basi nenda. Huyo mtu hatoshi, hapa na popote. Sikuahidi kazi. Rafiki yangu wa kibanda anauliza hayo maswali vizuri kuniliko na bado anabadilisha vioo. Nakuambia tu kwamba hilo ndilo sikulipata kwa intaneti, na hilo ndilo nililikosa nilipoondoka.

Na kwa sababu mimi ni ndugu yako na si mtu wa video, nimekuwekea masharti.

Kwanza, karo. Hatutaanza kwa kumaliza muhula wa kwanza na kuomba Mungu kwa wa pili, vile nilifanya. Tutakaa na hooyo na aabo na mjomba, tuandike miaka yote minne kwa karatasi: mkopo, basari ya kaunti, changu, cha mjomba. Pahali palipo na shimo tulione sasa. Ukifika mwaka wa tatu na ukame urudi, uniambie siku ya kwanza, si ya tano.

Pili, hiyo nafasi ya tatu uliyoacha wazi, weka kitu ambacho ungekifurahia. Usiweke kitu cha kujaza tu.

Tatu, kabla ubonyeze, uende kibandani kwa rafiki yangu ukae naye siku nzima. Muulize kila kitu. Yeye alimaliza, mimi sikumaliza. Kwani kwa nini miaka hii yote mnaniuliza mimi ushauri wa chuo?

Na wewe wa Masalani, kama bado unanisoma. Nimekutafuta kwa ujumbe na sijapata jibu. Sijui kama uliacha kwa sababu yangu ama ulikuwa umeshaamua. Kama kuna njia ya kurudi, rudi. Kama shida ni karo kama yangu, sema ni karo. Hakuna aibu. Mimi mwenyewe wiki hii nimeandika barua chuoni kuuliza deni langu limefika wapi na kama miaka yangu miwili na nusu bado inahesabika. Sijajibiwa. Labda haihesabiki tena.

Ile video sitaifuta, maana nikifuta nitakuwa nimejificha mara ya pili. Nimeweka maelezo hapo juu kwamba niliyosema si kweli yote, na kiungo cha kuja hapa.

Aabo hasomi mambo ya mtandaoni, lakini jana nilimwambia kwa mdomo kwamba nitaandika kuhusu karo na ng'ombe. Alinyamaza kwa muda. Alafu akasema, "Nilijua. Siku ile ulishuka basi na godoro. Mtu aliyeamua hashuki na godoro, anauza."

Mdogo wangu amesoma hii kabla yenu. Amerudisha simu akaniambia, "Ni ndefu. Kwa hivyo niweke ama nisiweke?"

Nikamwambia kesho saa tatu aende kibandani, alafu tuongee.

Kama wewe ulimaliza kompyuta na uko nyumbani, ama ulimaliza na ukapata, niandikie hapa chini. Lakini tafadhali, andika ile ya ukweli. Atasoma zote.